Paka wa Mama na Mafua ya Watu

Mimi ni afisa mifugo. Nakaa Mkuza, Kibaha, ambako nyumba nyingi zina banda la kuku uani, na kuku wakianza kufa mimi ndiye ninayepigiwa simu. Nikifika sianzi na kuku, naanza na mwenye kuku. Nasimama mlangoni pa banda, nafungua daftari, nauliza: "Nani aliingia humu?"

Hapo ndipo utamwona mtu mzima akibabaika. Hakuingia mtu, atasema. Baada ya dakika tano inabainika kwamba shemeji alipita kununua mayai, na kwamba ndala alizovaa ni zilezile anazoingilia kwenye banda lake mwenyewe, ambako kuku waliisha wiki iliyopita. Basi mimi huwaka. Niliwahi kumsimamisha mchungaji mmoja juani na suti yake ya Jumapili mpaka akakubali kukanyaga maji ya dawa, ndipo nikamruhusu aingie kwa vifaranga vyake mwenyewe. Watu wa Mkuza wamenipa jina ambalo sitalitaja, na nikigeuza mgongo wanaiga sauti yangu vizuri sana.

Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba ujuzi nilikuwa nao, na kwamba haukunisaidia kitu siku ulipohitajika nyumbani kwetu.

Kwetu ni Kibuta, Kisarawe. Mama anaishi kule katika nyumba aliyoiacha baba, mikorosho nyuma, shamba la muhogo pembeni. Sisi watoto tumetawanyika. Mimi ndiye wa karibu, na ukaribu wenyewe ni safari ya pikipiki kupitia Kiluvya ambayo ukiimaliza kiuno kinakudai pole. Baba alipofariki tulimtafutia mama binti wa kukaa naye. Mama akamrudisha kwao kabla mwezi haujaisha. Akasema yeye ana mtu tayari, na mtu mwenyewe alikuwa paka.

Paka yule hakufanana na wa majirani. Alikuwa mrefu wa miguu, rangi ya majani makavu, mkia una pete nyeusi na ncha nyeusi. Mama yake alikuwa paka wa nyumba ya pili. Baba yake, Kibuta nzima walikuwa wakiapa, alitoka porini. Nilikuwa nikiicheka habari hiyo mpaka niliposoma kwamba paka pori na paka wa nyumbani ni ndugu wa karibu kiasi kwamba wakikutana huzaana bila shida yoyote. Mama alimwita "mwenye nyumba." Wakati huo alikuwa ameshazeeka, meno ya upande mmoja yameng'oka, kwa hiyo mama alimtafunia samaki kama wazee wa zamani walivyowatafunia watoto, kisha akamlisha kwa ncha ya kidole. Nilishamkataza.

"Mama, utaambukizwa minyoo."

"Yake au yangu?" akajibu, akaendelea kutafuna.

Ilikuwa katika miaka ile ya korona, watu walipokuwa wakiamka na kunusa sabuni kwanza ili kuhakikisha pua bado inafanya kazi. Nilikuwa nimehudhuria semina ya siku mbili Kibaha, kwenye ukumbi wa kiyoyozi, madirisha yamefungwa, na Alhamisi jioni koo likaanza kunikwaruza. Jumamosi nilikuwa nimemwahidi mama kwamba nitakwenda. Nikaenda.

Nilijiona mwangalifu kupita kiasi. Nilivaa barakoa kabla sijazima pikipiki. Mkono sikumpa, shikamoo niliitoa nikiwa hatua nne kutoka barazani, naye akaitikia marahaba huku akinitazama kama karani wa sensa. Nilikula peke yangu nje. Nililala kwenye chumba changu cha zamani, mlango nimeufunga kwa komeo, barakoa nimeivua maana ndani hamna mtu. Paka akaingia kwa dirishani. Akalala juu ya kifua changu mpaka alfajiri, pua kwa pua, mimi nikimpumulia yeye na yeye akinipumulia mimi. Kulipokucha akatoka zake kwenda kwa mama kupewa samaki wake.

Haikunipitia kichwani hata kidogo. Maradhi ya wanyama na watu niliyofundishwa mimi yanapita barabara ya upande mmoja: mbwa anampa mtu kichaa, ng'ombe anampa mtu kimeta, maziwa mabichi yanampa mtu homa isiyokwisha. Mtu kumpa mnyama? Sikumbuki kama tuliwahi kuulizwa hata kwenye mtihani.

Jumanne mama akapiga simu, na kama kawaida yake akaanza na habari za mwenye nyumba. Anapiga chafya, macho yana tongotongo, samaki kamkataa. Nikamwambia ni vumbi tu. Ijumaa akapiga tena na sauti haikuwa yake. Kikohozi, homa, viungo vyote vinauma.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Kibuta. Koo langu mimi lilishapoa, nilikuwa nimelisahau. Zahanati walishamwona mama na kumpa dawa, na jirani yake, mwanamke mwenye moyo mwema na sauti ya kipaza, alishamfukiza nyungu ya mchaichai na mwarobaini mara tatu. Mama alikuwa amelala ubavu, anapumua kwa kazi. Paka alikuwa mgongoni kwake, ndani ya blanketi lilelile, naye anakoroma kwa makamasi. Niliogopa. Siku zile kila ukifungua simu kuna msiba, na mimi nikiogopa huwa natafuta mtu wa kumkaripia.

"Unamwona huyo?" jirani akasema. "Manyoya hayo. Mie nimesema toka zamani, manyoya ya paka yanaleta pumu. Mtie kwenye kiroba ukamwage huko mbali Chole, hatarudi tena."

Habari ya manyoya niliipuuza, mimi ni msomi. Nikatumia usomi wangu. Simu ya Jumanne, paka. Simu ya Ijumaa, mama. Mnyama kaugua kwanza, mtu kafuata. Kesi imekwisha.

"Mama, huyu ndiye aliyekuambukiza," nikamwambia. "Nikiondoka naondoka naye."

Nilijiandaa kwa vita. Huyu ni mwanamke aliyewahi kuacha kuongea na mdogo wake miezi mitatu kwa sababu alimpiga yule paka teke. Lakini hakubisha. Alinitazama, akamtazama paka, akasema, "Haya, mchukue," kisha akageukia ukutani. Nilishangaa, ila nikajiambia ni homa.

Nilikaa naye siku tatu. Homa iliposhuka na pumzi ikatulia, nikamwachia jirani zamu, nikaazima tenga la kuku, nikamtia paka ndani, nikalifunga nyuma ya pikipiki. Njia nzima hakulia. Watu wa Kisarawe mjini walinisimamisha wakitaka kununua kuku.

Mkuza nilimweka stoo, kwenye boksi lenye kanga kuukuu. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili hakula. Alikaa ameelekea ukutani kama alivyofanya mama. Kila jioni simu ikilia ni mama, na swali lake ni moja.

"Amekula?"

"Bado."

"Haya." Anakata.

Hakuniuliza habari za kazi wala za wanangu. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekibeba kwenye lile tenga. Mama angepona kikohozi, hilo nilishaanza kuliamini. Lakini paka yule akinifia mikononi, mama atakuwa anaamka katika nyumba isiyo na wa kumsemesha, na aliyemfanyia hivyo ni mwanawe wa kumzaa.

Dawa za paka sikuwa nazo. Nina za kuku, mbuzi na ng'ombe. Paka kwenye kazi yetu hukumbukwa siku ya chanjo ya kichaa tu, tena kama mwenyewe akitaka kushikika. Nikakata panadol nusu, nikaisaga kwenye kijiko. Kisha nikasita, kuuliza si ujinga, nikampigia mwenzangu niliyesoma naye chuo, ambaye yeye aliishia kutibu wanyamapori.

"Panadol?" alipiga kelele. "Unataka kumuua? Panadol kwa paka ni sumu! Mwaga, mwaga nikisikia."

Nikamwaga. Akanielekeza taratibu kama mwanafunzi: kitambaa laini, maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, futa pua na macho mara kwa mara. Paka asiyesikia harufu hali, kwa hiyo mtafutie chakula kinachonuka mpaka kipenye makamasi. Nilichemsha dagaa mpaka mpangaji wa chumba cha mbele akaja kuuliza kama shimo la choo limejaa. Jioni ile paka alilamba vijiko viwili vya mchuzi, akanitazama kwa dharau, akalamba cha tatu.

Safari hii nilipiga mimi. "Amekula," nikasema, na nikamsikia mama akimshukuru Mungu kwa sauti ambayo sikuisikia hata homa yake mwenyewe iliposhuka.

Kesho yake mwenzangu akanipigia kujua hali ya mgonjwa. Nikamweleza yote, pamoja na hukumu yangu.

"Nani alianza kuumwa?" akauliza.

"Nimeshakwambia. Paka."

"Chora jedwali."

Nilikasirika. Mtu ananifundisha kazi yangu mwenyewe! Lakini nilichukua daftari lile lile la mabanda ya Mkuza, nikapiga mistari: siku, nani, dalili, nani aliingia. Mama hakuwa ametoka nyumbani majuma mawili, hata shamba alikuwa hajakwenda. Jirani alianza kuingia baada ya mama kuugua, tena yeye hakuugua. Paka, Jumanne. Mama, Ijumaa. Safu ya mwisho, nani aliingia, ilikuwa na mtu mmoja tu, na siku yake ni Jumamosi ya kabla ya Jumanne. Na mtu huyo alikuwa na lake tangu Alhamisi. Nilikaa na kalamu mkononi, sitaki kuandika. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimewaonyesha Kibaha nzima ya kwao.

"Ni mimi," nikamwambia. "Alhamisi. Koo."

Hakucheka, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Alianza kunieleza, kwa furaha ya mtu ambaye kwa muda mrefu hajapata wa kumsikiliza, na mimi, katikati ya aibu yangu, nikajikuta nimevuta kiti. Alisema kirusi hakiingii mwilini hovyo. Kwenye njia ya hewa, kila chembe ya mwili ina vitu mfano wa vitasa, na kirusi ni lazima kiwe na ufunguo unaoingia. Kitasa cha kuku ni kingine kabisa, ndiyo maana korona ya watu haiwagusi kuku hata ukiwakoholea mchana kutwa. Cha mbwa kinafanana na chetu kidogo, ufunguo unaingia kwa shida. Cha paka kinafanana na chetu sana. Na si korona peke yake. Hata mafua makali ya watu, yale ya kuangusha darasa zima, paka anaweza kuyachukua.

"Basi na mimi nilikuwa na korona au mafua tu?"

"Ulipimwa?"

"Hapana."

"Mama alipimwa? Paka alipimwa?"

"Nani atampima paka?"

"Basi hutajua," akasema. "Andika hujui."

Niliandika sijui. Ni neno ambalo kwenye daftari lile lilikuwa halijawahi kuonekana.

Nikamuuliza lililokuwa likinikaba: je, paka ndiye aliyempa mama? Akasema inawezekana lakini ni nadra mno. Mara nyingi ni mtu anayempa paka, na paka anampa paka mwenzake. Mama ana mdomo, ana pua, aliishi nyumba moja na mimi siku mbili. Barakoa naivaa na kuivua, vikombe nashika, taulo moja. Kwa akili yake yeye, tuliwagawia wote wawili kwa mkupuo mmoja, ila mwili wa paka uliwahi na wa mama ukachelewa. Alitumia neno "tuliwagawia" kwa hisani, alikuwa na maana ya "uliwagawia."

Kisha akanisimulia habari za simba. Katika nchi za mbali ambako wanyama hufugwa kwa maonyesho, simba na chui wakubwa wenye milia walianza kukohoa mmoja baada ya mwingine, hawali, pua zinatiririka. Wakachunguza maji, wakachunguza nyama. Mwisho wakawachunguza watu wanaowakatia nyama. Nilicheka mpaka nikashika ubavu: simba mzima, ambaye ukimwota tu unaamka umelowa jasho, kaletewa mafua na mtu wa kusukuma toroli! Tangu hapo, akasema, sehemu nyingi mhudumu mwenye kikohozi hakaribii banda la wanyama wa ukoo wa paka, na mzima naye anavaa barakoa.

"Na wa porini?" nikauliza. "Mondo, chui, paka pori, nao wanapata?"

"Vitasa wanavyo vilevile. Kama wamepata au hawakupata, nani ataingia msituni kumpangusa chui makamasi?"

Sikuweza kuliacha hilo. Nilimtazama mgonjwa wangu stoo, miguu yake mirefu, pete za mkiani. Kule Kibuta hatulii nyumbani. Siku nyingine hupotelea huko mikoroshoni na zaidi ya mikorosho, kwa shangazi na wajomba ambao hakuna binadamu aliyewahi kuwaona. Fikiria safari yenyewe: mtu asiyejulikana anakohoa kwenye semina Kibaha, mimi nayachukua mafua yake, nayapeleka Kisarawe kwa pikipiki, namkabidhi paka, na paka ayachukue mpaka msituni kwa kiumbe ambaye hajawahi hata kusikia harufu ya sabuni. Niliwaza jambo hilo siku nzima kazini. Mwenye banda mmoja alinisimulia vifo vya kuku wake mara mbili, nikamwomba aanze tena.

Kwa ushauri wa mwenzangu nilimfungia ndani mpaka pua ikakauka kabisa na chafya zikakoma. Ilichukua wiki mbili. Alinenepa. Aliua panya wanne wa stoo na kuwapanga mlangoni.

Nilimrudisha siku ya Ijumaa mchana. Sikuwa na chafya wala koo, nilijikagua kama ninavyokagua ng'ombe wa mnada. Mama alikuwa ameketi uani kwenye mkeka, anamenya muhogo, amepungua lakini rangi imerudi. Nilifungua tenga. Paka alitoka, akazunguka nyumba mara moja, akaja kujitupa mapajani kwake juu ya maganda. Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamtazama puani, akamtazama machoni.

Nikaona nimalize kabla sijapoteza ujasiri.

"Mama, nilikosea. Si yeye aliyekuambukiza. Ni mimi. Nilikuja na mafua kutoka Kibaha, nikawapa wote wawili. Naomba radhi."

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni wewe. Ulikuwa unakohoa ndani ya mto ukidhani sisikii. Mie nimekulea, kikohozi chako nakijua hata ukikitia kwenye mtungi. Na mwenye nyumba alfajiri ile katoka chumbani kwako."

Damu ilinipanda. Nilisahau kwamba nilikuwa naomba radhi. "Sasa kwa nini hukusema? Nimesimama pale namsingizia, umenitazama, umeniacha nimbebe! Angekufa je?"

"Ningelia," akasema.

Alichukua muhogo mwingine, akauchana ganda kwa kisu kutoka juu hadi chini, akalivua lote kwa pamoja.

"Ningesema ni wewe, ungekuja lini tena? Nakujua mwanangu. Ungejifungia huko Kibaha mwaka mzima unaniogopea, kila siku simu, mama usitoke, mama usipokee wageni. Wenzako wote wamefanya hivyo, sijamwona hata mmoja. Nikaona bora akamatwe huyu."

Nilikaa chini palepale, kwenye maganda ya muhogo, na suruali yangu ya kazi. Nililia kwa sauti, na mama aliniacha nilie mpaka nikamaliza.